Fundi anataka kunipigia Windows 11. Na programu yangu ya madeni je?

“Habari za kazi, mtaalamu. Nina steshenari Ngamiani, Tanga. Tunachapa mitihani ya shule, tunatoa fotokopi, tunatengeneza kadi za harusi na za michango, na siku hizi wengi wanakuja tuwajazie maombi ya mtandaoni. Kompyuta ya kaunta ni ya zamani, Windows 7, ramu GB 2. Ndani yake kuna PageMaker yenye kadi zote nilizowahi kutengeneza, na kuna programu ya madeni niliyoandikiwa na kijana mmoja mwaka 2006. Inafungua dirisha jeusi lenye maandishi meupe, na kwenye folda yake kuna faili nyingi zinazoishia na DBF. Haijawahi kunidanganya hata shilingi: nani anadaiwa, tangu lini, kalipa ngapi. Kijana mwenyewe alishahama na simu yake haipatikani. Sasa kurasa nyingi za serikali hazifunguki, Chrome inalalamika kila siku, na umeme ukikatika kompyuta inarudi tarehe ya miaka ya nyuma. Fundi wangu anasema dawa ni kupiga Windows 11, maana hata Windows 10 imeshakufa. Nikamuuliza, programu zangu zitabaki? Akasema atazikopi kwenye flashi kisha azirudishe. Moyo wangu umekataa. Mume wangu anasema tununue mpya tu, yaishe. Nifanye nini? Nikipoteza yale madeni nimepoteza mtaji.”

Dada, moyo wako haukukosea. Usiruhusu mtu apige Windows yoyote kwenye kompyuta hiyo mpaka uwe na nakala kamili ya diski yake, na mpaka umeifungua nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine ukaona madeni yako yamo. Fundi wako hana nia mbaya, na jambo moja kubwa kasema kweli: kompyuta hiyo haifai tena kuingia mtandaoni. Lakini dawa aliyotaja itakupa mtandao na kukunyang'anya daftari la madeni, wakati iko njia ya kubaki na vyote viwili. Mumeo yuko karibu zaidi na jibu, ila kununua mpya peke yake hakumalizi kazi.

Nianze na hilo la tarehe, maana halina uhusiano wowote na Windows. Kwenye ubao mkuu wa kompyuta kuna betri ndogo ya duara, kwa kawaida ile iliyoandikwa CR2032. Kazi yake ni kuifanya saa iendelee kutembea umeme usipokuwepo. Ikiisha, kila umeme unapokatika saa inarudi mwanzo. Na hapo unapata hasara mara mbili. Kwanza, kurasa nyingi za mtandao zinajitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, hivyo kompyuta inayodhani tuko miaka ya nyuma inakikataa cheti na ukurasa haufunguki. Pili, na hili ndilo linalonisumbua zaidi, deni utakaloandika asubuhi hiyo kabla hujarekebisha saa litaingia na tarehe ya uongo. Betri hiyo ni ya bei ndogo na kuibadilisha ni kazi ya dakika chache. Ibadilishe wiki hii hii, halafu upitie madeni ya karibuni uone kama kuna yaliyoandikwa tarehe za ajabu.

Sasa tuje kwenye hofu yako yenyewe. Usemi wa kwamba Windows fulani “imekufa” unawatisha watu bila kuwaeleza. Windows haizimiki siku ikifika. Kinachokoma ni viraka vya usalama: Microsoft inaacha kuziba matundu mapya yanayogunduliwa. Kwa Windows 7 hilo lilitokea tarehe 14 Januari 2020. Kwa Windows 10 ilikuwa 14 Oktoba 2025, ingawa watumiaji wa kawaida waliweza kujiandikisha wapate viraka vya nyongeza hadi 13 Oktoba 2026. Chrome nayo iliacha kutoa matoleo mapya ya Windows 7 mapema mwaka 2023, toleo la 109 likawa la mwisho. Ndiyo maana inakulalamikia, na ndiyo maana kurasa zinazojengwa kwa vivinjari vya leo zinakugomea.

Kuna wanaosema antivirusi inatosha. Haitoshi. Antivirusi inamtafuta mwizi aliyekwisha kuingia, lakini tundu lenyewe haizibi. Mwezi Mei 2017 programu haribifu iitwayo WannaCry ilisambaa duniani kwa siku chache, ikafunga faili za watu na kudai fedha, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu. Iliingia kupitia tundu la Windows ambalo kiraka chake kilikuwa kimeshatolewa tangu Machi mwaka huo huo. Nyingi kati ya kompyuta zilizoathirika zilikuwa za Windows 7, kama yako, na zilikuwa hazijawekewa kiraka hicho. Duka kama lako, linalopokea flashi za watu kutwa nzima, lina mlango mpana kuliko ofisi nyingi.

Kwa hiyo kubaki kama ulivyo, kompyuta moja ikifanya kila kitu na mtandao juu yake, si chaguo. Hilo tumekubaliana na fundi.

Swali ni kwa nini programu ya madeni isihamie Windows 11 kama inavyohama picha au barua. Hapa naomba uwe na subira nami kidogo, maana ukilielewa hili hutayumbishwa tena na mtu.

Programu haizungumzi na kompyuta moja kwa moja. Ikitaka kuandika kwenye diski, kuonyesha herufi au kutuma karatasi kwenye printa, inaiomba Windows, na Windows ndiyo inayofanya. Maombi hayo yana namna yake, na namna hiyo imebadilika kizazi kwa kizazi. Programu za enzi za DOS, ule mfumo wa maandishi matupu uliotangulia Windows, zinaomba kwa namna ya biti 16. Zilizofuata, kuanzia miaka ya 1990, nyingi zinaomba kwa biti 32. Za leo ni biti 64. Wewe ni mtu wa Tanga, unaikumbuka bandari yetu kabla ya kuongezwa kina: meli kubwa ilitia nanga nje, na matishari ndiyo yaliyobeba mizigo hadi gatini. Windows ya biti 32 ina tishari lake la kubebea programu za biti 16. Windows ya biti 64 ina tishari la kubebea za biti 32, lakini lile la biti 16 liliondolewa kabisa. Na Windows 11 inatolewa kwa biti 64 tu. Programu ya DOS ikifika hapo haina wa kuipokea.

Ndiyo maana ile njia ambayo mafundi wengi huikimbilia, ya kubofya kulia na kuchagua “compatibility mode”, haitakusaidia. Inachofanya hasa ni kuidanganya programu kwamba iko kwenye Windows ya zamani. Kwa programu ya biti 32 inayokagua jina la Windows kabla ya kufunguka, mara nyingine hilo hutosha. Kwa ya biti 16, tishari halipo, na uongo hauwezi kulileta.

Dirisha jeusi na faili za DBF vinanifanya nidhani kijana yule aliandika kwa FoxPro ya DOS, zana ya zamani ya kutengenezea programu za kutunza kumbukumbu, au kitu cha ukoo huo. Lakini usiende kwa dhana yangu. Kipimo unacho hapo kaunta. Fungua programu ya madeni, iache wazi. Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litatokea dirisha la Task Manager. Nenda sehemu ya Processes, utafute kwenye orodha jina ntvdm.exe, ambalo ndilo lile tishari la biti 16. Likiwepo wakati programu iko wazi, na likatoweka ukiifunga, basi ni ya biti 16, na Windows 11 haitaiendesha yenyewe. Lisipokuwepo, furahi: huenda ni ya biti 32 iliyovaa sura ya DOS, au imeandikwa kwa Visual FoxPro, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia miaka mingi iliyopita lakini programu zake bado huendeshwa kwenye Windows za leo. Jibu la kipimo hiki ndilo litakaloamua nusu ya safari yako.

Sasa hilo la kukopi kwenye flashi na kurudisha. Ungeniuliza ni neno gani limepoteza kazi za watu wengi kuliko virusi, ningekutajia hilo. Mara nyingi kinachokopiwa ni alama ya kufungulia tu, ile picha ndogo ya kwenye uso wa kompyuta, ambayo ndani yake hamna programu wala data. Hata folda nzima ikikopiwa, programu nyingi zilizosakinishwa zimetawanya vipande vyao: vingine viko ndani ya folda ya Windows, vingine kwenye daftari lake la ndani la mipangilio. Programu za DOS zina unafuu hapo, kwa kuwa kwa kawaida zinakaa ndani ya folda moja na zinahamishika. Ila zinahamia kwenye mahali pasipoweza kuziendesha, kwa hiyo umehamisha kufuli bila ufunguo.

Tena kutoka Windows 7 kwenda 11 hakuna kupandisha huku programu zikibaki. Ni kufuta na kupiga upya. Na kwa kompyuta yako hata hilo halipiti kwa njia halali: Windows 11 inadai ramu ya GB 4 kwa uchache, chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au AMD Ryzen za mfululizo wa 2000 kwenda mbele. Fundi anaweza kuikwepa kanuni hiyo, zana zipo na zinajulikana. Lakini Microsoft haiahidi masasisho kwa kompyuta iliyopitishwa dirishani, na kama prosesa yako ni Core 2 Duo, matoleo ya Windows 11 kuanzia 24H2 hayataki hata kuwaka, kwa sababu yanahitaji maagizo ambayo prosesa hiyo haina. Ungefuta kila kitu ili upate kompyuta nzito kuliko ya jana.

Naomba utenganishe vitu vitatu ambavyo kwenye maelezo yako vimeshikana: Windows, programu ya madeni, na madeni yenyewe. Windows inanunulika. Programu inaweza kuandikwa upya na mtu mwingine. Madeni hayapatikani popote duniani ila kwenye hizo faili za DBF. Hayo ndiyo mtaji wako, na habari njema ni kwamba DBF ni muundo uliozoeleka mno. LibreOffice, ambayo ni ya bure, inazifungua kama jedwali, na Excel pia. Hata kama kijana yule hatapatikana kamwe, majina na kiasi vitasomeka.

Fanya hivi kwa utaratibu. Kopi folda nzima ya programu kwenye diski ya nje, na ufungue ile kopi tu. Ya asili usiiguse, kwa sababu ukiifungua DBF kwa LibreOffice kisha ukabonyeza “hifadhi”, unaweza kubadilisha upana wa safu au kuiharibu faharasa ambayo programu inaitegemea, na kesho yake dirisha jeusi likagoma. Ukishafungua kopi, usishangae kukuta wateja kwenye faili moja, malipo kwenye nyingine, na salio lisionekane popote. Programu nyingi za aina hii hazihifadhi salio. Zinalipiga hesabu kila unapouliza. Kwa sababu hiyo, kabla ya yote, chapa kutoka kwenye programu yenyewe orodha kamili ya wadaiwa na jumla yake. Karatasi hiyo ndiyo kipimo: siku jedwali jipya litakapotoa jumla ileile, wadaiwa walewale, ujue umehama salama. Likitofautiana hata kidogo, bado.

Na kumbuka Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inakutaka utunze kumbukumbu za biashara kwa miaka 5. Siku ofisa wa TRA akizihitaji, jibu la kwamba zilifutika wakati wa kupiga Windows halitakusaidia.

PageMaker ni habari nyingine. Toleo lake la mwisho, la 7, lilitoka mwaka 2001, kisha Adobe ikahamia kwenye InDesign. Ni ya biti 32, kwa hiyo tishari lipo na wapo wanaoiendesha kwenye Windows za leo, ingawa kwa kuhangaika na bila ahadi ya mtu. Nisingekushauri ujenge miaka kumi ijayo juu yake. Lakini pia usijitwishe kazi ya kubadilisha kadi zote ulizowahi kutengeneza. Kadi ya harusi ya watu ambao watoto wao wanasoma sekondari haihitaji kufunguliwa tena. Chagua violezo unavyovitumia kweli: zile za harusi zinazopendwa, za michango, za arobaini na hitma, vichwa vya mitihani vya shule unazozihudumia. Hivyo vijengwe upya taratibu kwenye programu ya sasa. LibreOffice Draw hujaribu kufungua faili za PageMaker, mara nyingi kwa mpangilio uliovurugika kidogo, lakini maandishi yanapatikana na hiyo ni nusu ya kazi. InDesign za zamani, hadi CS6, zinazifungua vizuri zaidi. Zilizobaki zitoe kama PDF ili uweze kuziona na kuzichapa. Usisahau fonti. Kopi folda ya fonti yote, hasa zile za Kiarabu unazoandikia Bismillahi juu ya kadi, kwa sababu faili bila fonti yake itafunguka na herufi za ajabu na utadhani imeharibika. Mtu akikushauri uhamie Microsoft Publisher, mkatalie kwa upole: Microsoft ilishatangaza kuacha kuihudumia Oktoba 2026, utakuwa umehama nyumba mbovu kuingia inayobomolewa.

Basi ningefanya nini ningekuwa wewe? Ningegawa kazi. Kompyuta ya zamani ningeichomoa kwenye mtandao kabisa, waya na modemu vyote, ikabaki na kazi mbili tu: madeni na PageMaker. Ningenunua nyingine iliyotumika, kwa ajili ya mtandao, maombi ya wateja, kuskani na barua pepe. Windows isiyopata viraka haina hatari ile ile ikiwa haigusi mtandao wala flashi za wageni. Hatari haijaisha, lakini imepungua mno, na unajinunulia muda wa kuhama bila presha.

Hilo la flashi lisimamie kweli. Unawajua wale virusi wanaogeuza folda zote kuwa alama za kufungulia, mteja analia kwamba kazi yake imepotea. Tenga flashi moja ya duka, iandike jina kwa kalamu, hiyo pekee ndiyo iruhusiwe kuingia kwenye kompyuta ya zamani, na ipite kwanza kwenye mpya ikaguliwe. Flashi ya mteja, hata awe jirani, iishie kwenye mpya. Mweleze na kijana wa dukani, kwa sababu wewe ukienda kuswali au kwenda benki, yeye ndiye mlinzi.

Kwenye kununua, usitazame jina la prosesa, i5 au i7, peke yake. Tazama namba inayofuata. i5-7200 ni kizazi cha 7, haifai. i5-8250 ni cha 8, inafaa. i5-10210 ni cha 10. Muuzaji akikwambia “ina Windows 11 tayari,” hiyo si hoja, maana tumeona inaweza kupitishwa dirishani. Washa, uangalie namba ya prosesa mwenyewe kwenye maelezo ya mfumo, na kama kuna intaneti sakinisha programu ya Microsoft iitwayo PC Health Check, itakwambia waziwazi kama kompyuta inakubalika. Ramu iwe GB 8 na diski iwe SSD. Usikubali Windows iliyofunguliwa kwa kraki. Kraki ni programu ya mtu usiyemjua uliyoipa mamlaka yote juu ya kompyuta ambayo utaskani vitambulisho vya NIDA na vyeti vya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakuhusu na wewe mwenye steshenari. Zile skani za vitambulisho zifute mteja akimaliza shughuli yake.

Ubaya wa njia hii niuseme. Kompyuta ya zamani itakufa siku moja. Diski ya umri huo, kwenye joto na unyevu wa chumvi wa pwani yetu, na umeme unaokatika, haina dhamana. Kwa hiyo kuigawa kazi ni hatua ya kwanza tu. Ukishanunua mpya yenye ramu ya kutosha, unaweza kuihamishia ile ya zamani ndani yake ikiwa mzima mzima. Kuna programu za kutengeneza kompyuta pepe, VirtualBox ikiwa maarufu na ya bure. Zana ndogo ya Microsoft iitwayo Disk2vhd huchukua picha ya diski yote, Windows na programu na madeni kama vilivyo, ikawa faili moja kubwa. VirtualBox inaiwasha faili hiyo ndani ya dirisha. Unaona Windows 7 yako ileile, dirisha jeusi lilelile, huku nje yake ikiendesha Windows 11. Mtandao wa hiyo pepe unauzima, na unakopi faili moja tu kila jioni.

Naipenda njia hii kuliko zote kwa mtu mwenye programu asiyeweza kuipata tena, lakini inahitaji mikono inayojua. Windows iliyokuja na kompyuta kwa kawaida ina leseni iliyofungwa kwenye kompyuta ile, na ikihamishwa inaweza kudai kuthibitishwa upya. Kuchapa kutoka kwenye DOS, ndani ya pepe, kwenda kwenye printa ya USB ni jambo la kuhangaikia. Lijaribu kabla ya kutangaza ushindi.

Utasikia pia habari za DOSBox. Ni nzuri, ila ilitengenezwa kwa ajili ya michezo ya zamani, na kwa vitabu vya biashara nisingeitegemea. Iliyo karibu zaidi na haja yako ni vDos, ambayo ilitengenezwa kwa programu za DOS za ofisini, zikiwemo za FoxPro. Ijaribu kwa kopi ya folda kwenye kompyuta mpya. Ikikubali na kuchapa vizuri, huenda usihitaji kompyuta pepe kabisa. Kuna pia atakayekwambia upige Windows 10 ya biti 32, kwa kuwa bado inalo tishari la biti 16. Ni kweli inalo. Lakini utafuta, utasakinisha upya, upate mfumo ambao viraka vyake vimekwisha. Sioni faida ya gharama hiyo.

Mwisho wa safari, ndani ya mwaka mmoja au miwili, ni madeni kuhamia kwenye kitu cha leo. Kwa duka lenye wadaiwa wa kawaida, jedwali lililopangwa vizuri linatosha. Wakiwa wengi, mtafute mwandishi wa programu, na katika makubaliano andikeni kwamba utakabidhiwa msimbo wa programu na maelezo ya faili zake. Usiingie tena kwenye programu ambayo funguo zake amebaki nazo mtu mmoja ambaye kesho hapatikani.

Chagua pia wakati. Usifanye haya Januari shule zinapofunguliwa, wala mfungo mosi ukiingia na harusi zikaanza tena. Tafuta wiki tulivu, na kwa muda wa kama mwezi endesha vyote viwili sambamba, kila deni liandikwe pande mbili.

Mambo ya kumwita mtu aje dukani ni haya. Kuchukua picha ya diski nzima, kama hujawahi, usijifunzie kwenye diski hiyo. Mwite fundi wako huyo huyo, mweleze kwamba kazi unayompa ni hii na si kupiga Windows, afanye ukiwa umekaa pembeni, na asiondoke na kompyuta. Mwambie atumie diski ya nje mpya, na umeme uwe na UPS, kwa sababu kukatika katikati ya kazi ni balaa. Akimaliza, mlipe baada ya nakala kufunguka kwenye kompyuta nyingine mbele ya macho yako. Nakala ya pili iende nyumbani, isilale dukani na ya kwanza.

Lakini ukianza kusikia diski inagonga tik-tik, au kompyuta ikawa inaganda kila unapofungua faili fulani, zima hapohapo. Usiiwashe tena “kujaribu”, na usimruhusu mtu kuendesha ukaguzi wa diski juu yake. Kila kuwasha kunaweza kuwa kwa mwisho. Hapo unahitaji mtu wa kuokoa data, hata kama itabidi diski isafirishwe Dar es Salaam, na kazi ya kwanza umwambie ni folda ya madeni, mengine baadaye.

Anza kesho asubuhi na orodha ya wadaiwa kwenye karatasi, kisha kile kipimo cha ntvdm.exe. Ukipata jibu niandikie uniambie jina hilo limetokea au la, pamoja na namna printa yako inavyoungwa, kwa waya mpana wa zamani au kwa USB. Kwa hayo mawili nitaweza kukwambia kama vDos inakutosha au tuende kwenye kompyuta pepe.